Refa Mia Mbili Kumi na Nne

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya kampuni, uongozi, wafanyakazi wote na pampu zote nne, ninayo furaha isiyo kifani kuutangazia umma kwamba kuanzia saa hii, dakika hii, kituo hiki cha mafuta kimeingia rasmi katika historia ya michezo.

Maneno hayo niliyatamka mimi, kwenye kipaza sauti, asubuhi ya Jumatatu, nikiwa nimesimama juu ya kreti ya soda. Umma uliokuwepo ulikuwa dereva mmoja wa lori. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akaniuliza choo kiko wapi.

Naomba nieleze cheo changu, maana kilikuwa kikubwa kuliko malipo yake. Nilikuwa Msimamizi Mkuu wa Vidoli. Nilijipa cheo hicho mwenyewe, kwa kauli moja. Nilikuwa likizo kutoka shule ya bweni, na mama alikuwa amenipeleka kwa mdogo wake kwa sababu, kwa maneno yake, majirani zetu walikuwa bado hawajapona likizo iliyopita.

Mama mdogo ndiye aliyeendesha kituo. Mlangoni mwa ofisi yake palikuwa na kibao cha plastiki kilichoandikwa MENEJA, na upande wa kushoto wa neno hilo karatasi iliyobandikwa kwa selotepu: KAIMU. Karatasi ile ilikuwa na umri wa miaka miwili na miezi minne. Selotepu ilikuwa imegeuka rangi ya chai, ikabadilishwa, ikageuka tena. Mtu akifungua mlango kwa nguvu, karatasi ilipepea, na kila ilipopepea Mama mdogo aliitazama kama mtu anayetazama inzi juu ya chakula chake.

Ndiyo maana vidoli havikuwa mchezo kwake. Afisa masoko wa makao makuu alikuwa amemwahidi kwamba promosheni hii ya wiki tatu ikipita bila malalamiko ya mteja, siku ya mechi ya mwisho atakuja na barua mkobani, na karatasi ile ataibandua kwa mkono wake. Mama mdogo alinisimulia hayo usiku niliofika, polepole, akinitazama machoni, jinsi unavyoongea na mtoto aliyebeba trei ya mayai.

“Lalamiko hata moja,” alisema. “Umenisikia, mwanangu? Hata moja.”

Nilimwapia. Nilipenda sana kuapa siku hizo.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Timu ya kutoka ng'ambo ilikuwa imekuja kuzuru na kucheza mechi tatu na timu yetu ya taifa. Kampuni ikaona hapo pana biashara. Ukijaza lita ishirini, unapewa pakiti moja ya karatasi inayong'aa, imefungwa pande zote, na ndani yake kuna kidoli cha mchezaji wetu, kirefu kama kidole gumba. Wachezaji kumi na mmoja na kocha wao, jumla kumi na wawili. Albamu ya kuwasimamishia ulipewa bure. Ilikuwa kadibodi ngumu iliyochorwa uwanja, ina vitundu kumi na viwili, na katikati, pale mpira unapoanzishwa, duara jekundu lenye nembo ya kampuni. Hukuweza kujua umempata nani mpaka ufungue pakiti.

Kazi yangu ilikuwa kukaa kando ya pampu namba nne na sanduku la pakiti, kutazama risiti, kutoa pakiti, na kutangaza. Kutangaza sikuagizwa.

Mapema tuligundua kwamba golikipa hapatikani na namba tatu anapatikana mno. Huko kiwandani sijui mashine ilipatwa na nini, lakini beki huyo wa kushoto alikuwa kila mahali: juu ya dashibodi, ndani ya mtaro, kwenye mifuko ya watoto na midomoni mwa wadogo zao. Kimya alikuwa nao kumi na saba. Kimya ni mhudumu wa pampu namba nne, mkongwe kuliko pampu yenyewe, na aliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiwa hivyo. Aliweza kujaza tangi la lori na kumaliza habari za ndoa tatu za binamu yake kabla kifuniko hakijarudi mahali pake. Ndoo yake ya kuoshea vioo ilipopasuka siku ya tatu, nilimkabidhi ndoo yangu ya shule, kwa hotuba fupi. Nilikuwa nimerudi nayo likizo kwa sababu ndoo zinazobaki bwenini huota miguu.

Sasa aingie daktari wa meno.

Alikuwa mtu mzima, mwembamba, shati limenyooshwa mpaka kwenye kola, na gari lake lilikuwa dogo kiasi kwamba lita ishirini zingelipeleka mpaka mwezi ujao. Kwa hiyo siku ya pili alikuja na madumu. Kila alfajiri alikuwa wa kwanza, na hakupokea pakiti kama watu wengine. Aliipapasa. Alifumba macho, akaibinyabinya kwa ncha za vidole, akatoa hukumu: “Huyu namba tatu. Lete mwingine.” Nikaleta mwingine. “Huyu kocha, nasikia tumbo. Mwingine.” Foleni ikipiga honi, yeye amefumba macho. Na hakukosea. Kufikia wiki ya pili alikuwa ameshakamilisha wote kumi na wawili, pamoja na golikipa, aliyemtambua kwa mikono iliyotanuliwa, lakini bado alikuja. Alisema anatafuta wa akiba.

Siku moja, baada ya kunirudishia pakiti ya tisa, alinitazama kwa huruma. “Vidole hivi, binti,” alisema, “havijawahi kudanganywa tangu nipate cheti.”

Kumwambia mwanafunzi wa bweni maneno kama hayo ni sawa na kuacha duka la shule wazi ukaenda kulala.

Mchana ule nilimwomba Kimya namba tatu mmoja. Nilimpaka rangi nyeusi ya kucha kutoka chupa ya Mama mdogo, aliyoinunua kwa kukosea na hakuwahi kuipaka. Nilimwongezea mkono wa kulia ulioinuliwa juu, kwa njiti ya kiberiti na gundi, na kwenye ncha yake kadi nyekundu niliyoikata kwenye boksi la dawa ya meno, kwa heshima ya mlengwa. Nilimchora masharubu ya mwalimu wetu wa nidhamu. Akawa refa kamili, mwenye hasira na asiye na mtetezi. Nikafungua pakiti moja taratibu, nikamtoa aliyekuwemo, nikamtia refa, nikaibana midomo ya pakiti kwa pasi ya nywele ya Mama mdogo, ujuzi tulioupata bwenini kwenye pakiti za biskuti za watu. Pakiti ilishikana vizuri. Kwa bahati mbaya ilishikana na pasi pia kwa muda, na pasi haikuwa pasi tena. Jioni Mama mdogo alipoiuliza, nilimwambia kwamba umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo.

Kosa langu lenyewe, hata hivyo, lilikuwa lingine, na nililifanya bila kufikiri. Bwenini kitu kisicho na namba si chako. Unaandika namba yako kwenye ndoo, kijiko, godoro, kandambili, na ukikata mche wa sabuni unaandika kwenye vipande vyote viwili. Rafiki yangu wa kitanda cha juu aliwahi kuandika kwenye mkate alioung'ata. Baada ya miaka mitatu mkono unaandika wenyewe. Kwa hiyo gundi ilipokauka, nikiwa nimeshawazia uso wa daktari na jinsi nitakavyocheka, mkono wangu ulimgeuza refa, ukachukua kalamu ya wino usiofutika, ukamwandikia chini ya kisahani anachosimamia: 214.

Asubuhi daktari alifika na dumu lake. Nikampa pakiti. Akafumba macho, akabinya, akasimama. Akabinya tena.

“Huyu simjui,” alisema kwa sauti ndogo.

Tangazo langu lilikuwa tayari. Nilikuwa nimepanga kusema, kwa heshima na taadhima, kwamba vidole vya daktari vimedanganywa leo saa kumi na mbili na robo. Kicheko nilikuwa nacho shavuni. Daktari akatoa kibano kidogo mfukoni, akaichana pakiti pembeni kama anayeng'oa jino la mtoto wa mfalme, akamtoa refa na kumweka kiganjani. Hakucheka. Alimgeuza, akasoma chini. “Mia mbili kumi na nne,” akanong'ona. Kisha akaingia kwenye gari akaondoka. Dumu lake lenye mafuta lilibaki pampuni, na Kimya alilikimbilia gari hatua kumi akilielezea jambo hilo kwa kirefu.

Nilibaki juu ya kreti na kicheko changu. Nilijiambia nitamweleza kesho.

Hapo sikufikiria kazi yake. Mgonjwa aliyefunguliwa mdomo hawezi kubisha, na daktari yule alihudumia watu ishirini kwa siku. Kufikia alasiri mji mzima ulijua kwamba kuna kidoli cha kumi na tatu, cha siri, kinapatikana kituo chetu tu. Na walikuwa na ushahidi. Kama huyu ni wa mia mbili kumi na nne, walisema, basi kuna wengine mia mbili na kumi na watatu waliomtangulia, wako wapi? Na lile duara jekundu katikati ya albamu, mlidhani ni nembo? Mtu mwenye akili anaweka duara katikati ya uwanja bila sababu? Refa aliposimamishwa pale alitosha sawasawa. Hata mimi nilishtuka jinsi alivyotosha.

Kesho yake foleni ilifika kwenye mzunguko wa barabara. Daktari naye alikuwemo, lakini sasa alikuwa amezungukwa na watu kama bwana harusi, nikashindwa kumfikia. Kulikuwa na watu waliojaza lita ishirini, wakaenda kuzunguka mji bila safari ili tangi lipungue, wakarudi. Kulikuwa na mama mwenye duka la vitambaa aliyekuja na madumu matatu na hana gari. Mwenye pikipiki mmoja alitaka ajaziwe lita ishirini kwenye tangi la lita kumi na moja, na alipokataliwa akauliza kama anaweza kuzinywa zilizobaki.

Mama mdogo alichanua. Makao makuu walimpigia simu kumpongeza kwa mauzo. Alikuwa amezoea kupokea simu kwa kusema “Kaimu meneja hapa,” na siku hiyo nilimsikia ofisini, mlango umefungwa, akijizoeza: “Meneja hapa. Hapa meneja. Ndiyo, meneja anaongea.” Alitoka akitabasamu, akanipa soda bila mimi kuomba. Soda ile sikuinywa. Nilimpa Kimya.

Mechi ya kwanza tulitoka sare. Ya pili, Jumatano, refa aliwapa wageni penalti ambayo mpaka leo haijulikani aliiona kwa jicho lipi, tukafungwa. Nilidhani sasa watu watamchukia refa na foleni itapungua. Iliongezeka. Kila mtu alitaka refa wake wa kupeleka nyumbani na kumgombeza.

Tangu siku hiyo sikuweza kukaa. Nilizunguka pampu mpaka Kimya akasema nimemtia kizunguzungu, na mtu wa kumtia Kimya kizunguzungu hajazaliwa. Nikisimama, mguu ulicheza. Nikikaa, nilihesabu magari. Kila pakiti niliyoitoa, mtu aliichana mbele yangu, akamwona namba tatu, na mabega yake yakashuka. Niliona mabega mengi yakishuka. Mtoto mmoja alimtazama namba tatu wake wa tano kisha akanitazama mimi, akaondoka.

Alhamisi simu ililia tena. Mama mdogo aliipokea akiwa amesimama, akaimaliza akiwa amekaa. Aliniita ndani, akafunga mlango taratibu ili karatasi isipepee.

“Wanasema hawakutengeneza refa,” alisema.

Nilitazama kalenda ukutani.

Akanieleza yote. Makao makuu walidhani mwanzo ni utani wa wateja, kisha wakaona picha. Sasa afisa anakuja Jumapili, siku ya mechi ya mwisho, kumwona refa kwa macho yake. Wanaamini mtu wa kituoni anafungua pakiti, anaiba golikipa, na kurudishia takataka. Ufunguo wa stoo anao mmoja tu. Afisa bado atakuja na barua, alisema Mama mdogo, ila amemwambia kwamba daktari akilalamika, itakuwa barua ya aina nyingine.

“Wewe umekaa na sanduku lile siku zote,” alisema. “Umeona chochote?”

Alikuwa ananiuliza kama mtu anayeomba maji. Hakunishuku hata kidogo, na hilo ndilo lililonifunga mdomo.

“Hapana, Mama mdogo,” nilisema.

Ijumaa niliumwa jino. Nililichagua mwenyewe, la nyuma kushoto, nikaenda kliniki ya daktari na mpango wenye sehemu mbili: nikipata nafasi, nimchukue refa nikimbie naye, nikikosa, nimweleze daktari ukweli. Albamu ilikuwa mezani, kwenye chumba cha kusubiria, chini ya kioo. Refa alikuwa amesimama juu ya duara jekundu, kadi juu, masharubu yakinitazama kama Jumatatu asubuhi shuleni. Mtoto wa miaka kama sita alikuwa amebandika pua kwenye kioo, akimwambia mama yake kwamba ataingia kwa daktari peke yake. Mama yake alinieleza kwamba mara ya mwisho walimbeba watu watatu.

Kioo kilikuwa na kufuli. Basi ikabaki sehemu ya pili.

Daktari alinilaza, akanifungua mdomo, akatia vyuma viwili na pamba. Niliona saa imefika. Nilisema, kwa uwazi wote nilioweza, “E-ha hule i-ha-hu,” yaani refa yule ni wangu.

“Tema,” alisema daktari.

Nilitema. Kabla sijarudia, vyuma vilikuwa vimerudi. Akaanza kunieleza jinsi refa alivyobadilisha kliniki yake, jinsi watoto wanavyoingia sasa bila kilio. Ila kuna jambo moja linalomkosesha raha, alisema. “Wako wenzangu mia mbili na kumi na watatu, binti. Wanaye kama wangu. Nimewatafuta kila mahali na sijaonana na hata mmoja.” Alichungulia ndani. “Na hili jino lina tundu kweli.”

Nilitoka na ganzi mpaka sikioni na siri yangu kama nilivyoingia nayo.

Jumapili afisa masoko alifika saa nne, amevaa jezi ya timu ya taifa juu ya shati na tai, mkoba mkononi. Foleni ilikuwa mpaka barabarani, watu wote wamevaa rangi za mechi, redio zote zimefunguliwa, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoka kwa sababu mpira ungeanza saa kumi. Daktari naye alikuja, kama alivyoombwa, amembeba refa ndani ya kikasha cha meno ya bandia kilichotandikwa pamba. Albamu aliishika kwapani. Walisimama kando ya pampu namba nne: afisa, daktari, Mama mdogo na vazi lake jipya. Mimi nilikuwa juu ya kreti yangu, hatua tatu tu kutoka hapo, nimeshika kipaza sauti kwa sababu mikono ilihitaji kushika kitu.

Afisa alimchukua refa, akamsogeza karibu na macho. Alikwangua rangi kwa ukucha. Alimnusa. Kisha akamgeuza.

“Njiti ya kiberiti,” alisema. “Rangi ya kucha. Na namba hii imeandikwa kwa mkono, sisi hatuandiki namba.” Alimtazama Mama mdogo. “Stoo inafunguliwa na nani?”

“Na mimi,” alisema Mama mdogo.

“Na nani mwingine?”

“Mimi tu.”

Wakati huo huo mteja wa mbele aliomba aoshewe kioo. Kimya, akiwa katikati ya habari fulani ya binamu yake, akaja na maji. Aliitua ndoo chini, kando ya kiatu cha afisa, ikamwagika kidogo. Ilikuwa ndoo yangu ya shule, ya buluu, na ubavuni mwake, kwa rangi nyeupe, ukubwa wa kiganja, palikuwa na namba. Mimi nne yangu huifunga juu na kuivuta mkia chini kama ndoano. Mwalimu wa hesabu amenipigia kelele miaka mitatu kwa ajili ya nne ile.

Afisa aliitazama ndoo. Akamtazama refa chini ya miguu. Akaitazama ndoo tena.

“Hii ndoo ya nani?”

Kimya alifungua mdomo. Alinitazama, akaufunga. Watu wa kituo kile wanasema haijawahi kutokea kabla wala baada: Kimya alinyamaza.

Mama mdogo naye aliiona ndoo. Niliona anaisoma, na niliona kila kitu kikipita usoni mwake kwa mpangilio, rangi ya kucha kwanza, kisha likizo za nyuma. Halafu akajinyoosha.

“Ni ndoo ya kituo,” alisema. “Kila kitu cha hapa kiko chini yangu. Andika mimi.”

Afisa akafungua mkoba. Ndani niliona bahasha mbili.

Sijui vidole vyangu vilibonyeza swichi saa ngapi. Nilisikia tu pumzi yangu mwenyewe ikitoka kwenye spika zote nne, na foleni nzima ikageuka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa na kipaza sauti, umati na ukimya, na sikuwa na hata neno moja la heshima wala la taadhima.

“Ni yangu,” nilisema. “Ndoo ni yangu. Mia mbili kumi na nne ni mimi, ni namba yangu ya bweni. Refa nimemtengeneza mimi. Ni namba tatu wa Kimya, nilimwomba bila kumwambia wa nini. Sikuiba golikipa. Mama mdogo hajui kitu. Aliniuliza nikamwambia hapana.”

Redio moja ilizimwa. Mahali fulani nyuma, yule dereva wa lori wa siku ya kwanza alianza kucheka peke yake, kisha akaacha alipoona hana mwenzake. Mama wa duka la vitambaa aliyatazama madumu yake.

Afisa alimgeukia daktari wa meno. “Daktari,” alisema, “umedanganywa katika kituo chetu. Una haki ya kulalamika, na malalamiko yako nitayaandika sasa hivi.” Kalamu ilikuwa imeshatoka.

Daktari alinijia mpaka chini ya kreti, uso umemshuka, nami nikajua kwamba sasa vidole vile vitanikumbuka kila nitakapoumwa jino.

“Umetengeneza wangapi?” aliuliza.

“Mmoja,” nilisema. Spika zikarudia: mmoja.

“Hakuna mia mbili na kumi na watatu?”

“Hakuna.”

“Huyu peke yake. Dunia nzima.”

“Peke yake.”

Daktari alimwendea afisa, akamchukua refa kutoka mkononi mwake kwa vidole viwili, akamlaza kwenye pamba na kufunga kikasha. Akakitia mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo, akaufunga kifungo.

“Sina malalamiko,” alisema. “Mtu mwingine yeyote hapa akisema ana wa kwake, huyo ni mwongo.” Akaondoka haraka, kama anayeogopa tutabadilisha mawazo.

Afisa alibaki na kalamu hewani. Aliuliza foleni kama kuna mwenye malalamiko. Mwenye pikipiki alisema anayo, kuhusu penalti ya Jumatano. Watu wakamuunga mkono. Afisa aliziangalia bahasha zake mbili kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, akaingiza moja ndani kabisa ya mkoba, na nyingine akampa Mama mdogo bila hotuba. Karatasi ya mlangoni hakuibandua. Alisema hiyo meneja atajibandulia mwenyewe.

Mama mdogo aliishika bahasha kwa mikono miwili. Hakuifungua. Alitembea mpaka kwenye kreti, akanitazama kutoka chini, macho yamejaa maji, na nikadhani, kwa kuwa bado nilikuwa mtoto, kwamba mambo yamekwisha.

“Usizime,” alisema, akionyesha kipaza sauti kwa kidevu. “Kuna mmoja bado ana malalamiko. Waambie watu kuhusu pasi yangu ya nywele.”

Niliitazama foleni. Foleni ilinitazama. Nikavuta pumzi.

“Na umeme pia,” nilisema, “haukukatika.”